Utani Hauna Faili

Jumamosi, 1 Juni 1974. Tabora.

Daftari hili lilikuwa la mahudhurio ya darasa la tano. Nusu yake haikuandikwa, shule zimefungwa, na karatasi siku hizi ni adimu, kwa hiyo nimelichukua. Sina la maana la kuandika. Kiangazi kimeingia, midomo inapasuka, na jirani yangu Bi Zamda kanipa samli ya kupaka. Sasa nanukia pilau.

Jumanne, 4 Juni.

Nimeitwa ofisini kwa Ndugu Abbasi, anayeshughulikia wageni wa mkoa. Kuna mwanamke anakuja kutoka Malaysia, mwalimu mkuu wa shule ya wasichana. Yuko peke yake, hana kundi, na anataka kuifuata njia ya zamani ya misafara kwa juma zima. Wizara imeagiza apewe mwanamke wa kumwongoza, ajuaye Kiingereza na ajuaye njia.

"Mwalimu Eustadia, wewe ni mtu wa Usoke," kasema. "Babu zako waliikanyaga hiyo njia na pembe za ndovu begani."

Ni kweli. Babu yangu alikuwa mpagazi, alikwenda Bagamoyo mara nne. Nilikubali kabla Ndugu Abbasi hajamaliza, kisha nikauliza dereva ni nani. Akasema Omari. Nikaguna mpaka karani akageuka.

Jumapili, 9 Juni.

Nimefua gauni la bluu. Nimeandika historia ya misafara kurasa sita na kuikariri njiani kwenda misa na kurudi.

Jumatatu, 10 Juni.

Mgeni anaitwa Bi Rohani. Ni mfupi, ana miwani, amefunga mtandio vizuri, na anaandika kila kitu kwenye kijitabu, hata bei ya vitunguu. Nimempenda saa ile ile. Sokoni alimsalimu Bi Zamda kwa salamu aleikum, wakaanza kutafuta maneno yanayofanana katika lugha zao. Dunia, wakati, sabuni, adabu. Kila walipolipata moja walishikana mikono. Kurasa zangu sita zilibaki mkobani.

Omari kaja na Landrover saa nne badala ya saa tatu. Yeye ni Mzaramo wa Kisarawe, yuko Tabora mwaka wa tisa, ana mke anaitwa Mwamvita na watoto watano, na ana mdomo usiopumzika.

"Mwalimu," kasema mbele ya mgeni, kwa Kiingereza chake cha jeshini ili mgeni naye asikie, "babu yako alipofika pwani akaona bahari, aliuliza nani kamwaga maji yote haya."

"Na babu yako," nikamjibu kwa Kiingereza kile kile, "alikuwa amelala chini ya mnazi, mdomo wazi, anasubiri nazi imwangukie. Mpaka leo ukoo wenu una mapengo."

Omari kafurahi sana. Bi Rohani kaandika kitu kwenye kijitabu.

Jumanne, 11 Juni.

Kwihara, kwenye tembe la zamani. Kuta nene, ubaridi ndani, popo. Bi Rohani aliuliza maswali ambayo hayamo katika kurasa zangu sita: wapagazi walikula nini, waliimba nini, nani aliwapikia. Niliyoyajua ni ya bibi yangu Koleta, mama yake baba, aliyekuwa akinisimulia nikiwa mdogo. Nikamwahidi kwamba tukirudi kutoka magharibi tutapita Usoke amwone mwenyewe. Ana zaidi ya miaka tisini na bado anavuta kiko.

Omari kasema tembe lile limedumu kwa sababu halikujengwa na Wanyamwezi.

Jumatano, 12 Juni.

Urambo. Masoko ya tumbaku yameanza, marobota yamepangwa mpaka barabarani. Mgeni kapiga chafya mara kumi na nane, tumehesabu.

Alhamisi, 13 Juni.

Kaliua. Tulikaa stesheni tukingoja treni ya Mpanda ipite, maana mgeni alitaka kuona inavyoachana na njia ya Kigoma. Mimi nimeiona maisha yangu yote na sikuwahi kufikiri kuwa ni kitu cha kuangalia. Ilipopinda alipunga mkono, na abiria nao wakampungia. Omari alisema Mnyamwezi akiona treni husikitika, maana imemnyang'anya kazi ya kubeba. Nikamwambia Mzaramo akiona treni huuliza ngoma inachezwa behewa gani. Mzee mmoja aliyekaa kwenye mizigo yake alicheka mpaka akakohoa, akatuuliza, "Watani?" Tukaitikia pamoja.

Bi Rohani hakuuliza yule mzee kasema nini. Nami sikumweleza. Ningemweleza nini? Ni sawa na kumweleza mtu kwa nini unapumua.

Ijumaa, 14 Juni.

Ulyankulu. Wakimbizi kutoka Burundi wana mwaka wa pili pale, wamefyeka msitu na mahindi yao yameshavunwa. Mwanamke mmoja alitukaribisha viazi. Alikuwa na watoto watatu, akatutajia majina ya wengine wanne ambao hawakufika. Aliyataja taratibu, kama niitavyo majina ya mahudhurio, na kwa kila jina alikunja kidole kimoja.

Jioni, tulipokaa nje ya nyumba ya wageni na Omari kaenda kutafuta maji ya kuoga, Bi Rohani alifungua mdomo. Kwao wanaishi Wamalay, Wachina na Wahindi. Mtaani kwake adhana ilisikika, na kengele za mahekalu zilisikika, na hakuna aliyeona ajabu. Nyumba ya pili alikaa Bwana Tan, fundi cherehani Mchina, aliyemshonea sare za shule toka yuko msichana. Mwaka wa sitini na tisa watu walianza kutukanana barabarani. Yalikuwa maneno tu, ya kabila hili kwa kabila lile, na watu walicheka. Siku chache baadaye nyumba ya Bwana Tan ilichomwa moto.

"Nilikuwa nyuma ya pazia," kasema. "Ufunguo wa mlango wangu wa nyuma ulikuwa mkononi. Angeweza kupita kwangu. Watoto walitoka. Yeye hakutoka."

Nikamshika mkono tukakaa hivyo mpaka Omari akarudi na ndoo, akasema Wanyamwezi bwana, hata mkono wa mgeni wanaubeba.

Bi Rohani aliuondoa mkono wake, akaingia ndani.

Jumamosi, 15 Juni.

Naandika nikiwa Usoke. Bibi yangu Koleta amefariki.

Kornel, mtoto wa baba mdogo, alitukuta njiani kwa baiskeli akija kunitafuta. Alfajiri bibi alikuwa ameomba moto wa kiko, walipomletea wakakuta keshakwenda. Nilimwambia Bi Rohani kwamba safari imeharibika na nitamtafutia namna ya kufika Tabora. Akakataa. Akasema twende sote. Omari aliendesha kama aliyebeba mayai.

Tulipofika, kaburi lilikuwa tayari na katekista ameshavaa. Nilimwona bibi, nililia, wanawake walinishika. Tukaenda makaburini na jeneza. Tunafika, Omari amelala ndani ya kaburi. Amejifunga khanga ya bibi kiunoni, kiko cha bibi mdomoni.

"Hazikwi mtu hapa," kasema kutoka chini. "Kwanza nimepima. Bibi Koleta alikuwa mfupi, ninyi mmechimba kama mnazika treni. Wanyamwezi hamjui kazi nyingine, mkipewa jembe mnasahau kuacha."

Baba mdogo akamsihi atoke. Omari akavuta kiko.

"Na tena huyu bibi hakufa. Kasikia mwaka huu mnahamishiwa kijiji cha ujamaa, kaona bora ahamie huku, ambako hakuna foleni ya sukari wala mkutano wa Jumamosi."

Watu waliangua kicheko na vilio vikiwa bado makooni. Mimi nilicheka mpaka nikaketi juu ya udongo wa kaburi. Niliona wajomba zangu, watu wazima wenye mvi, wakifuta macho na kucheka na kufuta tena. Katekista alifunika uso kwa kitabu cha nyimbo. Mwisho wakampa Omari kata ya asali, ndipo akatoka, akakung'uta udongo, na akawa wa kwanza kushika kamba ya kumteremsha bibi. Hakuna mtu wa ukoo wetu aliyemteremsha kwa uangalifu kama ule.

Bi Rohani alisimama mbali, kiganja mdomoni.

Jioni aliniita pembeni. Macho yangu yalikuwa mekundu na kichwa kinaniuma. "Eustadia, niambie kweli. Mtu huyu anakuchukia?"

"Toka siku ya kwanza," nikasema. "Na mimi namchukia kuliko homa ya malaria. Wazaramo hawafai, Bi Rohani. Huyu ndiye mbaya kupita wote."

Hivyo ndivyo hujibiwa mtu akikuuliza habari za mtani wako. Mnyamwezi yeyote angejibu hivyo.

Jumatatu, 17 Juni.

Nimemsindikiza stesheni. Kanikumbatia, kanipa kijitabu kipya na kalamu, na akaniambia sikioni, "Safari hii sikai nyuma ya pazia." Nilidhani anasema juu ya mambo ya kwao. Treni ilipoondoka nilijikuta nimeanza kumkumbuka.

Jumapili, 7 Julai.

Sabasaba. Ngwaride, hotuba, vumbi.

Jumanne, 9 Julai.

Omari amesimamishwa kazi.

Ndugu Abbasi kaniita akanisomea barua. Bi Rohani aliiandika Dar es Salaam, akaipeleka Wizarani kwa mkono wake. Imeandikwa kwa upole, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Anasema juma lile lilikuwa bora katika maisha yake. Anasema dereva alimdhihaki mwongozaji wake kwa kabila lake kila siku, na siku ya sita aliingia katika kaburi la bibi yake akamkejeli marehemu mbele ya wafiwa. Anasema alimuuliza mwongozaji, naye akakiri kwamba wanachukiana. "Naandika," anamaliza, "kwa sababu najua maneno haya yanaishia wapi, na kwa sababu niliwahi kunyamaza."

"Lakini ni utani," nikasema.

"Mwalimu, mimi nimezaliwa mtaa wa Ng'ambo hapa hapa. Najua utani. Alipokufa baba yangu watani walimwibia viatu." Akagonga faili kwa kidole. "Sasa barua hii ina mhuri wa Wizara, na juu yake wameandika neno moja kwa wino mwekundu: ukabila. Ukabila una faili. Utani hauna faili."

Kamati ya nidhamu itakaa mwezi wa nane. Wakimwona ana hatia, anafukuzwa kazi.

Nimerudi nyumbani nimekaa kitandani. Ni mdomo wangu. Ningeweza kusema neno moja tu, lile lile alilosema mzee wa Kaliua.

Jumatano, 10 Julai.

Nimemwandikia Bi Rohani kurasa kumi na moja. Barua ya kwanza niliichana, ilikuwa na hasira. Ya pili nimeeleza. Kwamba wapagazi wetu walipofika pwani walikuwa wageni na Wazaramo walikuwa wenyeji, na ili watu wasiuane kila msafara ukipita, wakaamua kutukanana kwa adabu mpaka mwisho wa dunia. Kwamba mtani hakasiriki. Kwamba kukiwa na msiba ndugu wote wanavunjika, kwa hiyo lazima awepo mtu mmoja ambaye kazi yake ni kutuinua, na hawezi kutuinua akiwa analia. Nikamwambia ni kosa langu, si lake. Nimeituma kwa ndege.

Alhamisi, 11 Julai.

Nilikwenda kwa Omari kuungama. Yuko barazani kwake anaziba pancha za baiskeli za watu. Nilimwambia nilivyomjibu mgeni.

Aliendelea kusugua mpira na msasa. "Ulijibu vizuri," kasema. "Ungesema unanipenda, mimi ndiye ningekushitaki."

"Omari, utafukuzwa."

"Nitafukuzwa. Mnyamwezi umepata pa kutua mzigo wako, sasa mpagazi ni mimi."

Mwamvita, mkewe, hakucheka. Alinikaribisha chai, akasema shikamoo dada, lakini hakukaa nami.

Jumatano, 24 Julai. Hakuna barua.

Jumamosi, 3 Agosti. Hakuna. Upepo mbaya, masizi ya mashamba yaliyochomwa yanaingia mpaka kwenye unga.

Jumatatu, 12 Agosti. Nimepita posta asubuhi na jioni. Karani kaniambia nilete mkeka nilale.

Ijumaa, 23 Agosti.

Imefika. Bi Rohani anasema barua yangu aliisoma mara tatu na mara ya tatu ilibidi aketi. Ameiandikia Wizara siku hiyo hiyo kuifuta barua yake. Halafu anasema hivi, nanukuu: "Nilidhani safari hii nafungua mlango, kumbe nimemfungia nje mtu mwingine. Lakini nakuuliza, dada yangu, kwa nini hukuniambia? Siku saba tulikaa gari moja. Ulinieleza kila jiwe la Tabora, hukunieleza hilo." Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi. Ana haki.

Jumatano, 28 Agosti.

Kamati. Watu watano na jagi la maji. Omari kavaa shati jeupe, amekaa mikono juu ya magoti.

Mwenyekiti alisema barua ya pili imepokelewa na imewekwa nyuma ya ya kwanza, lakini barua haifuti barua. Wanataka nitamke mwenyewe, kwa kiapo, bila mzaha, uhusiano wangu na mtu huyu ni upi.

Nilishika Biblia, nikasimama. Sijawahi kupewa kazi ngumu kama ile. Nilisema: "Huyu ni mtani wangu. Mume wangu alipofariki, miaka miwili iliyopita, nilikaa siku nane sili. Omari alivaa koti la marehemu, akaingia nalo kwangu akidai chai na kulalamika sukari haitoshi. Siku hiyo nilikula. Hajanidhalilisha hata mara moja. Namheshimu. Nampenda kama ndugu wa tumbo moja."

Sikumtazama. Nilisikia kiti chake kikilia. Nilipogeuka alikuwa ameinamisha kichwa, masikio yake yanatoka jasho, na nikajua nimemvua nguo mbele za watu. Mambo hayo hayasemwi. Tunatukanana miaka yote ili tusiyaseme.

Hawakumfukuza. Wamempa onyo, na wamemtaka atie sahihi hati kwamba hatatamka neno lolote la kabila juu ya mtu yeyote, kazini wala nje ya kazi. Akatia. Pale nje nilimwambia, "Haya, Mzaramo, umepona."

"Ahsante sana, Ndugu Mwalimu," akasema, na akanifungulia mlango wa gari la mkoa lililonileta.

Jumanne, 10 Septemba. Nimekutana na Omari sokoni. "Habari za asubuhi, Ndugu Mwalimu." Nikamuuliza kama Wazaramo wameshagundua jembe. "Bado tunajitahidi, Mwalimu." Mwenye kuuza mchicha akatuangalia.

Jumapili, 22 Septemba. Sijamchokoza tena. Utani wa mtu mmoja ni matusi tu. Na akiteleza, ana watoto watano.

Jumamosi, 12 Oktoba.

Usoke wanahamishwa. Omari kapangiwa kusomba vyombo, nami nilikwenda kumsaidia baba mdogo. Milango, vinu, mitungi, kuku ndani ya matenga, vyote juu ya lori la mkoa. Baba mdogo aliifunga nyumba ya bibi kwa kufuli, ingawa paa lilikuwa limeshaezuliwa. Wengine waliimba, wengine walikaa juu ya mizigo yao hawatazami nyuma.

Tulipopita makaburini Omari alisimamisha lori. Akateremka. Alisimama kwenye kaburi la bibi, nikaona kifua kinapanda, kama mtu anayetaka kusema jambo. Watu wote garini walimngoja. Walikuwa wanalihitaji, siku ile kuliko zote. Akafunga mdomo, akarudi, akawasha gari.

Nimelia njia nzima. Si kwa ajili ya bibi.

Ijumaa, 25 Oktoba. Joto. Mawingu yanakuja, yanaangalia, yanaondoka.

Jumapili, 3 Novemba.

Mvua. Imeanza tukiwa kanisani na padri kaacha mahubiri tusikilize bati.

Mchana nilikuwa nasonga ugali, nikasikia kuku wanapiga kelele uani. Nikatoka na mwiko mkononi. Omari, amelowa chapachapa, amemshika jogoo wangu miguu. Jogoo wangu mwekundu, niliyekuwa namnenepesha kwa Krismasi.

"Omari, huyo ni jogoo wangu."

Hakujibu. Akamfunga kwa kamba ya katani, bila haraka, akamweka kwenye kapu la baiskeli yake. Bi Zamda akatokea mlangoni kwake na mwavuli. "Mwizi, Eustadia? Niite watu?"

Nilikuwa nimeshafungua mdomo kujibu, ndipo nikaelewa, mwiko ukanidondoka. Mtani akichukua mali yako huna pa kumshitaki. Anachukua mchana, unamwona, na wewe siku yako ukifika kwake utachukua. Ndivyo ilivyo toka enzi za mizigo. Na ile hati aliyotia sahihi niliisikia ikisomwa yote, neno kwa neno. Inataja mdomo. Mikono haikutajwa popote.

Omari akanitazama mara moja, uso mkavu kama wa hakimu, akapanda baiskeli yake.

Na mimi je, nilitia sahihi wapi? Nilitoka barabarani pekupeku, tope mpaka vifundoni, nikamfuata. Nilimtukana Mzaramo yule, na baba yake, na minazi yao, na ngoma zao, na mabibi harusi wao wanaofundwa miezi mitatu wasijue kuchemsha maji. Watu walitoka barazani. Bi Zamda alikuja nyuma yangu na mwavuli, anacheka, ananipokea nikiishiwa pumzi. Omari hakugeuka wala hakufungua mdomo. Lakini alikuwa anakanyaga baiskeli polepole sana, huku jogoo anawika kapuni, ili asikose hata tusi moja.